Mama Aliyebaki na Miaka Hamsini na Miwili

Nilimkuta mama akicheka, na ikaniuma.

Nasema hivyo bila kupamba, maana nimeshachoka kupamba. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua imeanza kwetu Kibirichia na ukungu umeshuka mpaka uani. Nilikuwa nimetoka Embu alfajiri, nimebeba mkate, kilo mbili za nyama niliyopitia Meru mjini kwa mchinjaji wetu Mwislamu tunayenunua kwake tangu nikiwa shule ya msingi, na furushi la dawa za mama. Sikuwa nimekanyaga nyumbani miezi mitano. Kazi, watoto, mume, mazishi ya watu. Visingizio ninavyo vya kutosha, naweza hata kukugawia. Nikafungua lango, nikasikia watu wawili wanacheka jikoni. Sauti moja ilikuwa ya mke wa ndugu yangu. Ya pili sikuitambua. Nikasimama pale kwenye matope nikijiuliza ni jirani gani amekuja kunywa chai yetu.

Kumbe ni mama. Ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, anamenya viazi. Mkono hautetemeki. Maganda yanashuka membamba kwenye karai, na kila akimaliza kiazi anakitupa kwenye sufuria bila kuangalia, vile alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto. Wifi yangu amesimama nyuma yake anamfunga kitambaa kichwani, na wote wawili wanacheka jambo fulani la kuku wa jirani ambalo mpaka leo sijalielewa. Mama akainua uso, akanitambua papo hapo, akasema nimenenepa.

Miaka mitatu, labda minne, mama hakuwa ameniambia neno ambalo sikumvuta kwanza. Mtoto mwenye akili timamu angepiga magoti palepale akamshukuru Mungu. Mimi nilimtazama yule mwanamke mwenye unga kwenye aproni nikajiuliza moyoni: huyu amempa nini mama yangu?

Lazima nieleze, ndio unielewe kabla hujanihukumu. Ukishanielewa, hukumu tu.

Mama aliugua akili nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu yangu bado ananyonya kidole, kwa hivyo mkubwa wa nyumba nikawa mimi. Alisikia watu wakimtukana kutoka ndani ya ukuta. Alikataa chakula kilichopikwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, na nikawa najivunia jambo hilo hata kabla sijajua maana ya kujivunia. Nilimpeleka kliniki nikiwa na sare ya shule. Nilijifunza jina la dawa yake, haloperidol, kabla sijajifunza majina ya maziwa ya Afrika. Nikawa muuguzi kwa sababu yake, nikaenda kufanya kazi Embu, nikaolewa upande wa Kianjokoma kwenye majani chai, lakini dawa za mama zilibaki mkononi mwangu.

Kisha akafika miaka hamsini na miwili. Hedhi ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia, na ugonjwa uliokuwa umelala ukaamka, ingawa hakuwa amekosa kidonge hata siku moja. Aling'oa nusu ekari ya viazi vikiwa bado vidogo kama gololi, akisema kuna watu wamezikwa chini yake. Majirani walitaka afungwe kamba. Mimi nilimleta Embu, nikagombana na kila mtu mpaka nikampata daktari mzee aliyenieleza kitu ambacho chuoni hatukukigusa vizuri. Alisema mwili wa mwanamke una homoni zinazoukinga ubongo wake kidogo na ugonjwa wa aina hiyo, na hedhi ikikatika kinga hiyo hupungua. Dozi iliyokuwa inatosha inaweza isitoshe tena. Akaipandisha. Kutoka kidonge kimoja kwa siku hadi vitatu, kimoja asubuhi na viwili jioni. Baada ya wiki sita mama alirudi. Akapanda viazi upya, akaenda kanisani, akaimba.

Watu wa kwetu wakasema Sista amemrudisha mama yake. Sista ndio mimi. Huko nyumbani hakuna aliyeniita kwa jina tena tangu nivae sare nyeupe. Sijawahi kusifiwa hivyo kabla wala baada ya hapo. Hata mume wangu, ambaye si mtu wa kusifu, alisema. Vile vidonge vitatu vikawa vyangu mimi. Yule daktari mzee alistaafu akaenda zake, na mimi nikabaki na ushindi wake.

Sasa kuna hili jambo la daftari. Mgonjwa wa kwetu hubeba historia yake kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mbele unaandika jina, umri, jinsia na kijiji. Ndani kila daktari anaandika lake. Daftari likijaa, unanunua lingine, unanakili jalada. Mimi ndiye niliyenunua, mimi ndiye niliyenakili. Na kwa kuwa Kibirichia hadi Embu ni safari ya kumchosha mtu mzima, mama aliacha kuja. Nilikuwa naingia kwa daktari wa zamu katikati ya wagonjwa wawili, namwekea daftari mezani, ananiuliza anaendeleaje, nasema vizuri, anaandika: endelea na dawa zilezile. Kwa nini asiandike? Alikuwa anaongea na muuguzi mwenzake, mtoto wa mgonjwa. Nani angejua zaidi yangu? Natoka hapo na vidonge, navifunga, navituma kwa gari la Meru, ndugu yangu anavipokea.

Mama akaanza kutetemeka mkono. Nikasema ni uzee. Nikamwombea kile kidonge kingine cheupe cha kuzuia kutetemeka, na kilipofanya kinywa kikauke na tumbo lifunge, nikatuma dawa ya tumbo. Akaanza kutembea kwa hatua fupi fupi, anaburuta viatu. Uzee. Uso ukawa hauna kitu, hacheki, hakasiriki, mate yanamtoka pembeni ya mdomo. Uzee tu, nikasema, kila mtu atapita hapo. Wifi yangu alinipigia simu siku moja akaniambia mami amekuwa kama mti, na je, haiwezekani ni dawa? Nilimjibu kwamba yeye ashughulike na viazi, dawa aniachie mimi. Nakumbuka nilikata simu nikiwa nimefurahi sana na jibu langu, nikamsimulia hata mwenzangu wa zamu.

Nyani haoni kundule. Sikuwahi kuuona msemo huo ukinihusu.

Basi turudi jikoni, siku ile ya kicheko. Tulikula, mama akaongeza supu kwa mkono wake mwenyewe, hakumwaga hata tone. Kila wifi alipotoka kidogo kwenda kukamua ng'ombe au kuchota maji, mama alikuwa anageuza kichwa mlangoni na kuuliza, "Yuko wapi?" Nipo mimi hapa, nimetoka Embu, nimekaa kando yake goti kwa goti, na yeye anauliza yuko wapi. Wifi aliporudi, mama alimwita *mwana wakwa*, mwanangu. Mimi niliyetoka tumboni mwake alikuwa ameniita Sista, kama kijiji kizima.

Wivu sio kitu kigumu kueleza. Ni kama kiungulia: unajua umekula nini, na bado unalaumu mpishi.

Baada ya chai nilifungua kabati ya vyombo niweke dawa nilizoleta. Nikakuta mafurushi yangu. Yote ya tangu mwezi wa kwanza, na mwandiko wangu juu yake, hakuna lililofunguliwa. Nikamwita wifi chumbani, nikafunga mlango.

Hakukana. Angekana ningepata pa kumshikia. Alisema mwezi wa kwanza mama alikabwa na kiazi kooni, akageuka rangi, yeye akampiga mgongoni mpaka kikatoka. Kumeza chakula kulikuwa kumemshinda, koo limekuwa gumu kama miguu. Kesho yake yeye na ndugu yangu walimbeba hadi Meru, kwenye kliniki ambayo jirani alimwelekeza, wakamkuta daktari msichana, mdogo wa kuzaliwa juzi. Yule msichana aliangalia furushi langu la dawa, akamwangalia mama, akauliza huyu ana miaka mingapi. Ndugu yangu hakujua. Wifi akafungua kitambaa ambamo mama hufunga vitu vyake, akatoa kitambulisho. Miaka sabini na mmoja. Wakampima uzito, kilo arobaini na moja.

Nikauliza kwa ukali amempa nini. Akaniambia polepole, kama mtu aliyekariri somo asilikosee. Kwamba mwili wa mwanamke huishikilia dawa ile zaidi, na mwanamke akizeeka ini na figo hazikimbii tena, nyama ya mwili inapungua, kidonge cha leo kinalala mwilini kinakutana na cha kesho. Kwamba wanawake wazee ndio wanaoganda haraka kuliko wote. Kwamba dozi iliyopandishwa wakati ule ilikuwa sawa kwa wakati ule, ila ilipaswa kuangaliwa kila mwaka na kushushwa. Hawakuikata ghafla. Waliishusha kidogo, wakangoja wiki tatu, wakamwangalia kama sauti zinarudi, wakashusha tena. Sasa alikuwa anameza nusu kidonge jioni, na kile cheupe kimeachwa kabisa.

Yote hayo niliyajua. Hapo ndipo penye kuchoma. Hakuna neno alilosema ambalo nisingeweza kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi, na nimewafundisha.

"Hata dawa ya ukungu ya viazi tunapima kwa ukubwa wa shamba, Sista," akasema. "Mami amekuwa shamba dogo."

Mwanamke aliyeishia darasa la nane akanifundisha dozi kwa pampu ya mgongoni ya kupulizia viazi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alitaka kunipigia, akaogopa nitakasirika. Na ukweli wa Mungu ni kwamba ningekasirika. Nilikuwa nimekasirika tayari, na hakuwa amefanya chochote ila kumponya mama yangu.

Usiku huo hawakunifanyia kitanda chumbani kwa mama, kwa sababu kitanda cha wifi kilikuwa kimehamishiwa humo ili amsikie akikohoa. Nililala sebuleni. Jumapili asubuhi kabla ya kanisa nikatangaza kwamba nampeleka mama Embu akapumzike kwangu mwezi mmoja. Huku baridi ni kali, kule kwangu ana binti yake na hospitali iko karibu. Ndugu yangu ameuogopa mdomo wangu tangu utotoni. Akasema sawa. Wifi aliingia chumbani kwa mama. Alifunga nguo za mama, sweta mbili, daftari jipya alilofunguliwa kliniki ya Meru, na nusu za vidonge alizozikata kwa wembe akazifunga kila moja kwenye kipande cha karatasi. Akaanza kunieleza, jioni nusu, baada ya chakula, na akikosa usingizi siku mbili mfululizo...

"Mimi ndiye muuguzi," nikamwambia.

Daftari la Meru nililiacha juu ya meza makusudi. Nusu za vidonge nilizichukua kwa sababu alinitilia mfukoni mwenyewe.

Mama hakukataa kuja. Aliaga ng'ombe, akaaga jirani, akamshika wifi mkono muda mrefu mpaka nikapiga honi. Ndio, nilipiga honi, kwenye gari la kukodi, kama dereva asiye na adabu.

Kwangu nilimpa chumba cha mbele chenye dirisha linaloangalia mlima. Nilichukua likizo. Nilinunua blanketi jipya. Nilitaka mno anipende, na hakuna mtu mgumu kupendwa kama mtu anayetaka mno. Uji wangu ulikuwa mtamu sana, kwao huuacha uchachuke. Maji yangu ya kuoga yalikuwa ya moto sana. Nilipomchana nywele alisema taratibu, taratibu. Siku ya pili aliita kutoka bafuni, "Mwana wakwa!" Nikakimbia, nikafungua mlango moyo ukidunda kwa furaha, akaniangalia akasema, "Aa, ni wewe."

Siku ya tatu wifi alipiga simu. Wakaongea karibu nusu saa. Nilisimama kwenye korido na kikapu cha nguo mbichi, nikimsikiliza mama akieleza nyumba yangu: kwamba ni safi sana, kwamba watu huvua viatu mlangoni, kwamba mimi nafanya kazi sana na siongei. Akacheka. Kicheko kilekile cha kuku wa jirani. Nikaanika nguo zile nikivuta kila shati kama nalitaka lipasuke.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, nikamkuta ameketi kitandani anasema peke yake, midomo inacheza. Nilisimama mlangoni. Nikajua vizuri kabisa kwamba anasali, maana nilisikia jina la Mungu na nikasikia majina yetu. Lakini muuguzi akitafuta dalili hakosi. Amelala saa chache, nikajiambia. Anaongea peke yake. Dozi imeshushwa haraka mno na mtoto wa juzi. Ugonjwa unarudi, na mara ya mwisho uliporudi nani aliyeuzuia?

Jioni hiyo nilifungua furushi langu. Nikaweka vidonge kwenye kiganja, nikamletea na glasi ya maji ya vuguvugu. Nilikuwa nimeamua kumpa vitatu vyote kwa mara moja, ili asubuhi nisisahau. Mama aliviangalia. Kisha akaniangalia mimi.

"Vimekuwa vitatu?" akauliza.

Nikamwambia daktari wa huku ndiye aliyesema. Hakuna daktari aliyesema. Mama akavichukua kimoja kimoja, akameza, akarudisha glasi. Nikampangusa mdomo, naye akaegemeza kichwa begani mwangu, mara ya kwanza tangu aje.

Siku ya nne ya vidonge vile alichelewa kuinua mkono kuchukua kikombe. Siku ya tano akatembea kwa zile hatua fupi. Najua kuangalia mtu, ndio kazi yangu. Ningemwona mgonjwa wa mwenzangu akitembea hivyo ningekimbilia faili. Nikasema ni uchovu wa safari, safari ya wiki iliyopita. Siku ya sita simu ya wifi ililia nikasema mama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi mbele yangu macho wazi, na hakuomba simu. Siku ya saba nilianza kumlisha kwa kijiko. Hapa ndipo penye aibu yangu yote, na naiandika nikiwa mzima wa akili: nilikuwa na raha. Alikuwa ametulia. Hamwulizi mtu. Anafungua mdomo nikimwambia afungue. Alikuwa amerudi kuwa wangu.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi, nilikuwa nachemsha chai. Nikasikia kishindo, na baadaye kimya. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na mlango, mguu mmoja umegeuka nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakulia. Uso ulikuwa haujui tena kulia. Macho tu ndiyo yalikuwa yananiangalia, na machozi yanashuka yenyewe.

Ilikuwa nyonga, imevunjika. Hospitalini wenzangu walinipisha kila mlango, pole Sista, pole sana, na kila pole ilikuwa inanichapa. Daktari wa wodi aliinua mkono wa mama, ukakunjuka kwa vipande vipande, kama bawaba yenye kutu. Akauliza anatumia dawa gani na kiasi gani. Nikatoa daftari langu. Nilikuwa bado natumaini, sijui nini. Kwamba ataandika endelea.

Wifi na ndugu yangu walifika mchana huo. Nilikuwa nimempigia ndugu yangu, si yeye. Alikuja na gumbuti zenye udongo wa shamba, hakubadilisha, na kwenye mkoba wake lilikuwamo daftari la Meru nililoliacha mezani. Hakusema nililiacha. Alimpa tu daktari kwa mikono miwili.

Daktari akayaweka madaftari mawili bega kwa bega juu ya kitanda, kwenye miguu ya mama. Akasoma, akarudia kusoma majalada. Akauliza kama huyu ni mgonjwa mmoja.

Nikainama kuangalia. La Meru liliandikwa: umri, sabini na mmoja. Langu liliandikwa: umri, hamsini na miwili. Mwandiko mzuri, wa kuzungusha, niliosifiwa shuleni. Nikamkumbuka kila muuza duka niliyenunua kwake daftari, na kila mara nilipoketi kunakili jalada la zamani kwenye jipya, jina, umri, jinsia, kijiji. Miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumwongezea mama hata mwaka mmoja. Ule mwaka niliosifiwa niliushika nikakataa uishe.

"Ni mwandiko wangu," nikasema. "Na dawa ya hizi siku tisa nimempa mimi. Kutoka nusu, nikampa vitatu."

Muuguzi mwenzangu aliyekuwa anashika trei akaangalia chini. Daktari hakunikaripia; alinieleza yaliyo mbele kama anavyomweleza jamaa yeyote. Watazuia dawa kwanza mwili ulegee, ndipo wapasue. Mapafu ya mtu mzee aliyelala ni hatari. Akivuka hayo, atakaa, labda atasimama na kifaa cha kushikilia. Shambani asitarajie kurudi tena. Ndugu yangu aliuliza mara mbili, shambani kabisa? Daktari akasema kabisa.

Nilimngoja wifi anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, ningekuwa mimi ningemtukana mpaka mlinzi aje. Alivua gumbuti, akaziweka nje ya mlango wa wodi, akamshika mama kichwa na kuanza kumwambia habari za ng'ombe. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikatoka nje nikalia, na hata katika kulia nilikuwa namwonea wivu. Ule wema pia ulikuwa wake. Hakuniachia hata huo.

Mama alivuka upasuaji. Dawa ilitoka mwilini polepole, uso ukaanza kulainika, siku moja akaomba chumvi kwenye supu na wodi nzima ikamcheka. Daktari alimrudishia robo kidonge, akasema tuangalie. Wifi alilala kwenye benchi wiki mbili, ndugu yangu akirudi Kibirichia kupulizia viazi dawa. Mimi nilikuwa nakuja kabla ya zamu na baada ya zamu, nasimama upande wa miguu. Sikuwa najua nisimame wapi pengine.

Adhuhuri moja wifi alikuwa ametoka kuanika nguo za mama. Tukabaki wawili. Nilivuta kiti. Kulikuwa na jambo nililokuwa nalizungusha kichwani tangu siku ya kuanguka, kwamba mama si mjinga, kwamba alihesabu vile vidonge na akaniuliza.

"Mami," nikamwambia, "siku ile ulijua ni vingi."

"Nilijua."

"Ulijua daktari hakusema."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukukataa?"

Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, umetulia, hautetemeki hata kidogo.

"Ulikuja navyo ukitabasamu," akasema. "Tangu nifike kwako sikuwa nimekuona ukitabasamu. Nikaona, wacha nimeze."